Sura ya Nne: Siku ya Tatu Mpe Jembe

Boti ya kutoka Kilwa Masoko ilitushusha Kisiwani maji yakiwa yamekupwa. Tukavua viatu, tukavuka tope hadi mchangani. Mpwa wangu, mwenye miaka kumi, alikuwa ameahidiwa mji wa kale, na kitu cha kwanza kilichomkabili ni Gereza, lile boma kubwa la ukingoni mwa maji.

"Mjomba, huu ndio mji wenyewe?"

Nikamwambia bado. Mji tulioufuata sisi ni wa mwaka 1331, na mwaka huo boma hilo halikuwepo. Hata neno lenyewe, gereza, halikuwepo. Tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa.

Tukatembea hadi Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia moja lililojengwa juu ya jabali. Alipoliona birika la pembe nane akakaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani, akatazama huku na huku kama mtu anayepanga samani. Kisha akauliza: "Hapa walikuwa wanakunywa chai saa ngapi?"

Chai haikuwepo, nikamjibu. Akacheka, akidhani namtania. "Basi walikula nini, ugali?" Ugali labda, lakini wa mtama, mahindi hayakuwepo. "Mihogo?" Haikuwepo. Karanga je? Nyanya? Nanasi? Korosho? Vyote hivyo asili yake ni Amerika, na pwani yetu vilifika baada ya Wareno kuanza kuzivuka bahari, miaka zaidi ya mia moja na hamsini mbele. Mtoto akanikodolea macho, kana kwamba nimemwambia mji mzima ulikufa kwa njaa. Yote niliyomhubiria njiani juu ya dhahabu ya Sofala na jahazi za Bara Hindi yalikuwa yamempita. Lakini tumbo la Kilwa lilimwingia akilini, na hadi tunarudi kwenye boti alikuwa bado ananiuliza maswali: pilipili je? Pilipili manga ilikuwepo. Sukari? Miwa je? Embe?

Vitabu ninavyovizungumzia katika sura hii vinaishi kwa maswali ya namna hiyo. Ni hadithi ambamo mtoto wa leo anatupwa katika karne zilizopita, akapate misukosuko, arudi nyumbani akiwa amejua jambo. Njia za kumtupa huko ni nyingi. Kuna hirizi, kuna nyumba ya juu ya mti, kuna mashine, kuna mlango wa kawaida unaofunguliwa usiku usio wa kawaida. Wahakiki hupenda kubishana juu ya vyombo hivyo. Mimi nadhani chombo si hoja. Hoja ni muda ambao mgeni atakaa, na watakachomfanyia wenyeji. Wahenga walishalisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kipimo hicho vitabu hivi vinagawanyika: kuna vinavyomrudisha mgeni kwao siku ya pili, na kuna vinavyomfikisha siku ya tatu.

Mfululizo mashuhuri zaidi wa siku mbili ni Magic Tree House wa Mmarekani Mary Pope Osborne, ulioanza mwaka 1992. Jack na dada yake Annie wanapanda kwenye nyumba ya mbao iliyo juu ya mti huko Pennsylvania, wanafungua kitabu, wanagusa picha, wanatamka wanatamani wangekuwa hapo, na mara wapo. Jack ana daftari na kila anachokiona anakiandika. Ni vitabu vifupi, vina picha, na mtoto anayeogopa vitabu hukimaliza kimoja kwa alasiri moja akataka kingine. Hilo si jambo dogo. Lakini Jack na Annie ni wageni wa siku mbili kwelikweli. Wanafika Pompeii siku ileile Vesuvius inapolipuka, wanakimbia, wanapona, wanarudi kwa chakula cha jioni.

Nina neno lingine juu yao. Katika vitabu ishirini na vinane vya mwanzo watoto hawa wanakwenda kwa mashujaa wa Ulaya, kwa ninja, kwa maharamia, kwa Waviking, China ya kale, Olimpiki ya Ugiriki, jukwaa la Shakespeare, hadi mwezini. Afrika imepata vitabu vitatu. Kimoja ni maiti zilizokaushwa za Misri, kimoja ni simba wa mbugani, na cha tatu ni sokwe wa milimani. Katika kile cha simba yumo Mmasai mmoja na asali yake. Ukitoka Misri, bara zima limegeuka mbuga. Mwandishi hakukusudia ubaya, nina hakika, lakini mtoto wa Moshi au Kisumu anayevisoma mfululizo anajifunza pia kwamba kwao si mahali ambapo mambo yalitokea.

Kabla ya Jack na Annie walikuwepo Cyril, Anthea, Robert na Jane, watoto wa Edith Nesbit katika The Story of the Amulet, kitabu cha mwaka 1906. Hao wana nusu ya hirizi ya kale, nao wanaitafuta nusu ya pili katika Misri ya kabla ya mafarao, Babeli, Atlantis na Tiro. Nesbit hakubahatisha. Alimwendea Wallis Budge, mtunzaji wa vitu vya kale vya Misri na Ashuru katika Makumbusho ya Uingereza, akamsumbua kwa maswali, kisha akamtabaruku kitabu. Hata hivyo likampata tatizo linalowapata wote: watoto wa London watazungumzaje na mtu wa Babeli? Nesbit hakuzunguka. Alimwambia msomaji wazi kwamba walielewana, na jinsi ilivyokuwa hawezi kuieleza. Namheshimu kwa hilo, ingawa naamini ndipo alipoacha nusu ya utamu.

Mtoto yeyote wa chuoni huku kwetu anajua kwa nini. Watu wa Pangoni, wale vijana wa Surat al-Kahf, walilala miaka 309, wakaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wakamtuma mmoja wao mjini na fedha yao akanunue chakula. Na wanaosimulia wanasema ni fedha ile iliyomuumbua, kwa kuwa mfalme aliyechorwa juu yake alikwisha kufa zamani. Pango ni chombo cha safari tu. Mkasa umo sokoni, pale muuza chakula anapoigeuza sarafu mkononi na kumtazama mteja usoni.

Alichokifanya Nesbit kwa ustadi ni kuigeuza safari. Malkia wa Babeli anakuja London. Anawatazama wafanyakazi wa mitaani na kuwauliza watoto kwa nini watumwa wao wanatunzwa vibaya hivyo. Halafu anapelekwa Makumbusho ya Uingereza, anaviona vito vyake ndani ya kabati la kioo, anataka virudishwe. Kitabu kilichotabarukiwa mtunzaji wa makumbusho hayohayo! Mwaka 1906, mwandishi wa watoto alikwisha kuliweka kinywani mwa malkia dai ambalo leo linajaza kumbi za mikutano, na msomaji wake alicheka tu.

Yupo pia mgeni wa aina ya tatu, ambaye wahenga hawakumtungia methali: anayefika na kalenda ya kupatwa kwa jua mfukoni. Mark Twain alimtumia katika A Connecticut Yankee mwaka 1889. Mmarekani wa kiwandani anaangukia Uingereza ya Mfalme Arthur, wanataka kumchoma moto, anatabiri jua kuzimika, na tangu hapo anaogopwa. Twain alikuwa anakejeli. Rider Haggard miaka minne kabla yake hakuwa anakejeli alipoutumia ujanja huohuo dhidi ya Waafrika katika hadithi ambayo wazee wetu waliisoma darasani kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mgeni wa namna hii hapewi jembe kwa sababu amekwisha kufanywa mungu, na mungu haulizi bei ya kitu.

Mwaka 1963 runinga ya BBC ilijaribu kuufanya mtindo huu uwe somo rasmi. Doctor Who ilianza Jumamosi tarehe 23 Novemba, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Wasafiri wa kwanza walichaguliwa kimtaala: mzee wa ajabu, mjukuu wake, na walimu wawili wa shule, Ian wa sayansi na Barbara wa historia. Wakienda mbele, Ian aeleze; wakirudi nyuma, Barbara aeleze. Mpango wa ofisini huo, na kwa kawaida mipango ya ofisini hutoa hadithi zilizokauka. Lakini Mei 1964 ikaonyeshwa The Aztecs, ya John Lucarotti, sehemu nne. Barbara, akitoka kaburini akiwa amevaa bangili ya marehemu, anadhaniwa kuwa kuhani Yetaxa amerudi duniani. Yeye ni mwalimu wa historia, anajua Wahispania watakuja, na anawaza: nikikomesha kafara za watu, huenda hao wageni watauona uzuri wa mji huu na kuuacha. Anaamuru. Hakuna kinachobadilika. Mji mzima unabaki na desturi yake, na mtu pekee anayemsadiki, kuhani mpole Autloc, anapoteza imani na cheo na kwenda zake nyikani. Barbara alipewa kiti cha enzi, nacho kikamlemea kuliko jembe. Sijui darasa lolote lililoonyesha vizuri zaidi kwamba watu wa kale hawakuwa wajinga waliokuwa wakisubiri kuelezwa.

Bahati mbaya, Desemba 1963 Terry Nation alikuwa amekwisha kuleta Daleks, yale madude ya chuma, na watoto wa Uingereza wakawapenda mara moja. Mashindano yakawa hayana usawa. Kufikia Januari 1967 hadithi za historia tupu, zisizo na dude lolote, zilikwisha. Ilirudi moja tu, mwaka 1982.

Ningeambiwa nichague kitabu kimoja cha siku ya tatu, ningekichukua cha Mholanzi Thea Beckman, Kruistocht in spijkerbroek, cha mwaka 1973, yaani Vita vya Msalaba ndani ya jinzi. Mwaka uliofuata kilipata Gouden Griffel, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Uholanzi. Dolf, kijana wa miaka kumi na mitano, anapelekwa kwa mashine mwaka 1212 kwa saa chache tu akatazame mashindano ya farasi na mikuki. Anatua sipo, anaikosa nafasi ya kurudi, anajikuta amemezwa na maelfu ya watoto wanaotembea kwenda Yerusalemu. Kiongozi wao, mchungaji kijana Nicolaas, amewaambia bahari itagawanyika.

Mwandishi wa siku mbili angemwacha Dolf ashangae. Beckman anamfanya aone kwamba watoto wana njaa. Wanaoanguka njiani wanaachwa. Wenye nguvu wanaiba, wanyonge wanakufa, na watawa wanaowaongoza wanasema Mungu atatoa. Kwa hiyo Dolf anaanza kazi: hawa wavue samaki, hawa wawinde, hawa walinde pembezoni, wasichana wale wawatunze wagonjwa, atakayeugua homa ya vipele atengwe. Kurasa kwa kurasa ni mambo ya kambi. Kuni, mkate, nani alale wapi, nani abebwe. Wanapoivuka milima ya Alps msomaji amekwisha kujua uzito wa mtoto mgonjwa mgongoni. Na wanapofika Genoa, bahari ikikataa kugawanyika, na ikibainika kwamba watawa walikuwa na mpango wa kuwauza watoto utumwani, msomaji haelezwi maana ya ushupavu wa dini wala biashara ya watu. Amekwisha kutembea nayo.

Kuna kasoro ninayoipenda. Dolf anafanikiwa mno. Kijana wa karne ya ishirini anaongoza maelfu kana kwamba karne ya kumi na tatu haikuwa na mtu mwenye akili. Kasoro ya pili si ya Beckman. Miaka minne baada ya kitabu kutoka, mwanahistoria Peter Raedts, Mholanzi mwenzake, alionyesha kwamba neno la Kilatini pueri, lililowafanya watu waamini ule ulikuwa msafara wa watoto, liliwahusu pia maskini wa mashambani wasio na ardhi, vijana kwa watu wazima. Msomaji wa Kiswahili jambo hili halimpi taabu hata kidogo. "Kijana wa shamba" kwetu anaweza kuwa na wajukuu. Hivyo maelfu ya watoto wa Uholanzi wamejifunza msafara ambao pengine haukuwa wa watoto. Sioni kama hiyo ni sababu ya kukitupa kitabu. Ni sababu ya mwalimu kukisoma pamoja nao, kisha kuwauliza: tumejuaje?

Jane Yolen, katika The Devil's Arithmetic cha mwaka 1988, anamnyang'anya mgeni hata kile kidogo Dolf alichobaki nacho. Hannah, msichana wa Kiyahudi wa New York, amechoshwa na wazee wake kukumbuka kila Pasaka. Usiku wa karamu anafungua mlango, kama desturi inavyotaka, kumkaribisha nabii Eliya, na nje ni Poland ya mwaka 1942, ambako watu wanamwita Chaya. Magari ya wanajeshi yanapotokea siku ya harusi, yeye peke yake anajua mwisho wake. Anapiga kelele. Nani amsikilize msichana mgonjwa wa kutoka mjini? Kambini ananyolewa nywele, na kumbukumbu za maisha yake ya baadaye zinaanza kumtoka moja baada ya moja, hadi anabaki Chaya tu. Hapo hana tena alichowazidi wenyeji. Octavia Butler alikwisha kwenda mbali zaidi katika Kindred, mwaka 1979, kitabu cha watu wazima ambacho shule nyingi za Marekani huwapa wanafunzi wakubwa: Dana, mwanamke mweusi wa California, anavutwa tena na tena hadi shamba la watumwa la Maryland. Anawekwa jikoni, baadaye anapelekwa shambani kwa viboko, na anarudi nyumbani na mkono mmoja.

Sasa nirudi kwenye birika kavu, mtoto akisubiri jibu la chai.

Tuna shahidi wa mwaka ule. Ibn Battuta wa Tangier alifika pwani hii mwaka 1331 kwa jahazi, akiwa na umri wa miaka 27 hivi. Mogadishu walimlisha wali kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Mombasa, alikolala usiku mmoja, aliona visima mlangoni mwa misikiti, vyombo vya mti vilivyotiwa kijiti cha urefu wa dhiraa moja kwa kuchotea maji (kata, basi), na kipande cha mkeka mgumu cha kufutia miguu, kwani watu walitembea pekupeku. Alikula tunda tamu linalofanana na zeituni, na mtu wa pwani akisoma maelezo yake anaona zambarau papo hapo. Kilwa aliisifu kwa uzuri, akasema nyumba zake zote ni za mbao. Lakini mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba pale miaka ya 1960, Husuni Kubwa ilikuwa ya mawe, na ni ya sultani yuleyule aliyempokea Ibn Battuta, al-Hasan bin Sulaiman. Ama msafiri alisahau, maana alisimulia miaka mingi baadaye, ama hakufikishwa kila mahali. Naye pia alikuwa mgeni wa siku mbili.

Mtoto wetu wa kubuni akitua hapo leo asubuhi, kitakachomuumbua kwanza ni kinywa chake. Akisema meza, leso au bendera, hakuna atakayemwelewa, kwa kuwa Mreno hajafika. Akisema anasoma shule, Mjerumani hajafika. Akitoa shilingi yake sokoni, wataigeuza mkononi kama ile ya Watu wa Pangoni, kwani wao wana sarafu zao za shaba zilizoandikwa jina la al-Hasan, maneno ya upande mmoja yakipatana vina na ya upande wa pili. Mwandishi anayejua Kiswahili ana sura tatu za kuchekesha hapo kabla hajamtaja mfalme yeyote.

Halafu ifike siku ya tatu. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja fakiri wa Yemen alimsimamisha sultani akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu mwanawe, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Al-Hasan aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, na kisa kimehesabiwa kuwa cha ukarimu kwa karibu miaka mia saba.

Anayetaka kuandika kitabu cha Kilwa kwa ajili ya watoto wetu asimpeleke mgeni wake kasrini. Amweke ua wa nyuma siku ya Ijumaa ile, kata mkononi, akichota maji pamoja na wale ishirini. Ibn Battuta hakutaja jina hata la mmoja wao.